Kinda aanze, au akae nyuma ya mkongwe?

Msomaji wetu wa Houston, Texas, ameandika hivi: "Shikamoo kocha. Huu ni mwaka wangu wa tisa hapa Marekani na futiboli yao imeniingia damuni. Mimi na shemeji yangu tunabishana kila Jumapili. Yeye anasema timu ikichukua kwotabeki kijana kutoka chuoni, lazima asugue benchi mwaka mzima nyuma ya mkongwe, kama Mahomes wa Kansas City. Mimi nasema mtu hajifunzi kuogelea akiwa nchi kavu, apewe namba siku ya kwanza. Tuamulie."

Marahaba. Kwa asiyeijua futiboli ya Kimarekani, kwotabeki ndiye anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi. Umeuliza ukiwa kwenye mji unaofaa kuliko mingine yote, maana Houston imejaribu dawa yako mara mbili. Mara zote mbili kijana alipewa namba tangu mechi ya kwanza, na matokeo yakawa kama mbingu na ardhi.

Texans, timu ya Houston, walianza kucheza mwaka 2002, timu mpya kabisa. Kwenye drafti, pale timu zinapochagua kwa zamu vijana wa vyuoni, wakapewa nafasi ya kuchagua kabla ya wote, wakamchukua David Carr, na kocha hakusita: huyu ndiye kwotabeki wetu. Mechi ya kwanza wakawapiga Dallas Cowboys 19 kwa 10, mji mzima ukashangilia. Baada ya hapo ilikuwa mateso. Msimu ule Carr aliangushwa chini, mpira ukiwa bado mkononi mwake, mara 76. Hakuna kwotabeki mwingine wa NFL, ligi kuu ya futiboli ya Marekani, aliyewahi kufikisha idadi hiyo kwa msimu mmoja. Kwa mechi 16 ni karibu mara tano kila Jumapili, na hapo hujahesabu zile ngumi za mbavu anazopigwa akiwa ameshaachia pasi.

Chanzo chake kinajulikana. Timu ilipokuwa inaundwa, klabu za zamani zililazimika kuachia baadhi ya wachezaji, na mtu wa kwanza Texans kumchukua alikuwa Tony Boselli, mlinzi mkubwa wa upande wa kushoto. Kwotabeki anayerusha kwa mkono wa kulia akijiweka tayari kupiga pasi, kushoto kwake kunakuwa mgongoni, na anayemjia kutoka huko hamwoni. Boselli ndiye angemlinda Carr mgongo. Lakini mabega yake yalikuwa yameharibika, akastaafu bila kuichezea Houston hata mechi moja. Kijana akabaki na ukuta, yaani wale wanaosimama mbele yake kumlinda, wenye tundu palepale asipoweza kuona. Mwaka 2005 akaangushwa tena mara 68. Mwaka 2007 timu ikamwachia aende zake, na hakuwa tena kwotabeki wa kutegemewa popote.

Sasa njoo 2023. Houston ileile inamchukua C.J. Stroud, wa pili kwenye drafti, na inampa namba siku ya kwanza. Mechi mbili za mwanzo akaangushwa mara 11. Nilikaa mbele ya televisheni nimeshika kichwa, nikiona sinema niliyokwisha kuiona. Ila safari hii kocha wa mashambulizi, Bobby Slowik, alibadili mambo haraka. Pasi zikawa za kuachia upesi, na mara kwa mara Stroud alijifanya anamkabidhi mkimbiaji mpira ili maadui wasite nusu sekunde. Mechi ya nne walikutana na Pittsburgh, timu yenye T.J. Watt ambaye makwotabeki wanamwota usiku, na Stroud hakuangushwa hata mara moja. Novemba akawarushia Tampa Bay yadi 470 na tachidauni tano (pasi zilizofika hadi eneo la kufungia), ya mwisho zikiwa zimebaki sekunde sita, wakashinda 39 kwa 37. Msimu ukaisha na yadi 4,108, tachidauni 23, na pasi tano tu zilizonaswa na wapinzani. Wakachukua ubingwa wa kundi lao.

Umri wa wawili hawa ulikuwa karibu sawa, ugeni wao kwenye ligi sawa, mji ule ule. Kwa hiyo ninapoulizwa "kinda au mkongwe", mimi humuuliza mwenzangu swali lingine kwanza: mbele yake wamesimama nani? Wale watano wa ukuta, wanaweza kumpa sekunde mbili na nusu? Ukinijibu hilo, robo tatu ya jibu lako nimeshakupa.

Najua watu wanaogopa zaidi makosa. Kijana atarusha mpira kwa adui, ataaibika, atapoteza kujiamini. Mtazame Peyton Manning mwaka 1998, kijana wa kwanza kwenye drafti, Indianapolis. Alinaswa pasi 28, idadi ambayo hakuna kwotabeki wa mwaka wa kwanza aliyewahi kuifikia. Timu ikashinda mechi tatu, ikapoteza 13. Magazeti yalikuwa na kazi kila Jumatatu. Mwaka uliofuata timu hiyohiyo ikashinda 13 na kupoteza tatu. Aibu ya pasi 28 haikumvunja, na namba ninayoipenda mimi kuliko zote katika msimu ule ni nyingine: aliangushwa mara 22 tu, ingawa alirusha pasi 575. Alikosea akiwa amesimama. Mtu anayekosea akiwa amesimama anaona alikosea wapi, na Jumatatu anakaa na kocha wake mbele ya video na kurekebisha. Anayekosea akiwa chini ya watu watatu wenye kilo 130 kila mmoja hajifunzi kitu ila hofu.

Hata ndani ya nyumba moja utayaona haya. David Carr ana mdogo wake, Derek. Mwaka 2014 Oakland Raiders walimchukua Derek kwenye raundi ya pili na kumpa namba tangu mechi ya kwanza. Timu ilikuwa mbaya, ilishinda mechi tatu tu, hata nne za kaka yake hawakufikisha. Ila Derek aliangushwa mara 24 mwaka mzima. Alidumu kwenye ligi misimu 11 kama kwotabeki wa kwanza, akastaafu 2025. Sitasema yote ni kwa ajili ya ukuta. Derek alikuwa mwepesi wa kuachia mpira, na kwotabeki mwenye kuganda na mpira hujiletea kuangushwa. Lakini 76 kwa 24, watoto wa baba mmoja!

Nina sababu yangu ya kulishikilia hili. Nimefundisha makwotabeki wa sekondari hapa Texas kwa miaka mingi, na mwaka mmoja nilimpa namba kijana wa miaka 15 mwenye mkono wa ajabu. Mkongwe wangu alikuwa wa mwaka wa mwisho, mkono wa kawaida tu, lakini mtulivu. Ukutani nilikuwa na wawili ambao ndiyo kwanza wanavaa pedi. Nikasema kipaji kitatubeba. Mechi ya kwanza tulimwokota chini mara saba. Kufika mechi ya nne nikaanza kuona kitu kwenye video: mpira ukimfikia, macho yake yanatoka kwa wapokeaji na kushuka kwa wale wanaomjia, na miguu inaanza kucheza kama mtu aliyekanyaga siafu. Kuna mpira mmoja ambao ukuta ulisimama imara kabisa. Hakuna aliyemkaribia kwa hatua nne. Mpokeaji wetu alikuwa wazi upande wa kushoto, anapunga mkono. Kijana akautupa mpira nje ya uwanja. Nilisimamisha video palepale nikamuuliza, "Uliona nini hapa?" Akanijibu, "Niliona watu, kocha." Hapakuwa na watu. Mwaka uliofuata aliomba kuwa mpokeaji, na hakutaka tena kusimama nyuma ya senta, yule anayemkabidhi kwotabeki mpira. Kosa lile lilikuwa langu, na huwa nalikumbuka kila drafti ikifika.

Sasa kwa shemeji yako na Mahomes wake.

Ana hoja, lakini anasahau mazingira. Patrick Mahomes alichukuliwa na Kansas City mwaka 2017, na alikaa nyuma ya Alex Smith msimu mzima, akacheza mechi moja tu, ya mwisho, kule Denver, wakati timu ilishafuzu na Smith anapumzishwa. Mwaka 2018 akarusha tachidauni 50 na kuwa mchezaji bora wa ligi. Habari tamu. Ila Kansas City walikuwa wameshinda mechi 12 mwaka mmoja kabla ya kumchukua. Walikuwa na kocha Andy Reid, wana Travis Kelce na Tyreek Hill, wana mkongwe anayejua kazi na aliyekubali kumfungulia kijana daftari lake. Green Bay walifanya vivyo hivyo na Aaron Rodgers, miaka mitatu nyuma ya Brett Favre, kisha Jordan Love, miaka mitatu nyuma ya Rodgers. Timu nzuri ina nafasi ya kusubiri. Kinda wa juu kwenye drafti kwa kawaida huenda kwa timu mbovu, maana walioshindwa ndio huchagua mwanzo, na timu mbovu haina Alex Smith wa kumkalisha nyuma yake.

Tena benchi lenyewe halifundishi mtu. Hapa watu wengi hudanganyika. Wakati wa msimu, mazoezi ya timu ya kwanza karibu yote ni ya kwotabeki anayeanza. Mechi iko Jumapili na hakuna muda wa kugawa. Yule wa pili anapewa kazi ya kuigiza kwotabeki wa timu pinzani ili walinzi wajizoeze. Wiki hii anajifanya Lamar Jackson, wiki ijayo anajifanya mtu mwingine, na mchezo wa timu yake mwenyewe anausoma kwenye tableti. Mazoezi ya pedi nayo yamepunguzwa sana na mikataba ya wachezaji, hayazidi 14 kwa msimu mzima. Kama hakuna kocha aliyepangiwa kazi ya kumfundisha kijana huyo baada ya mazoezi, kila siku, mwaka wa benchi ni mwaka uliopotea. San Francisco walitoa chaguo tatu za raundi ya kwanza ili wampate Trey Lance mwaka 2021, wakamkalisha nyuma ya Jimmy Garoppolo kama shemeji yako anavyotaka. Mwaka uliofuata wakampa namba, akavunjika kifundo cha mguu kwenye mechi ya pili. Aliyekuja kuichukua nafasi ile ni Brock Purdy, kijana wa mwisho kabisa kwenye drafti, wa 262.

Kitu ambacho mkongwe anacho kweli, na kinda hana, ni sekunde 15. Nikueleze, maana kwenye televisheni hakionekani. Kati ya mpira mmoja na mwingine saa inahesabu sekunde 40. Kocha anaongea na kwotabeki kupitia spika ndogo iliyo ndani ya helmeti, na saa inapobakiza sekunde 15 sauti ile inakatwa. Kuanzia hapo yuko peke yake. Ameshawatajia wenzake mchezo wenye maneno kumi au zaidi, sasa anasogea mstarini, anawatazama walinzi kumi na moja wa wapinzani, anawaonyesha ukuta wake nani wa kuzuiwa, na kama mpango haufai anaubadili kwa kupaza sauti huku watu 70,000 wanapiga kelele. Mkongwe anazitumia sekunde 15 zile kuwatega maadui. Kinda anazitumia kukumbuka alichoambiwa. Ndiyo maana timu yenye mkongwe mzuri na kikosi kilichoiva haipaswi kumweka pembeni kwa ajili ya kipaji cha kesho. Hajatokea bado kwotabeki wa mwaka wa kwanza aliyeanza mechi ya Super Bowl, fainali ya ligi. Sita walifika hatua moja kabla, tangu Shaun King msimu wa 1999 hadi Jayden Daniels msimu wa 2024, na wote sita walipoteza.

Lakini nisiwapendelee makocha kupita kiasi. Angalia vijana waliong'ara mapema waliingiaje. Ben Roethlisberger aliingia mwaka 2004 kwa sababu Tommy Maddox aliumia mkono, akashinda mechi zote 13 alizoanza katika msimu wa kawaida. Dak Prescott, mchezaji wa raundi ya nne, aliingia 2016 baada ya Tony Romo kuumia mgongo, timu ikashinda 13 na kupoteza tatu. Justin Herbert mwaka 2020 aliambiwa dakika chache kabla ya mechi kwamba anaanza, kwa sababu daktari wa timu alipokuwa akimchoma Tyrod Taylor sindano ya maumivu ya mbavu alimtoboa pafu kwa bahati mbaya. Alimaliza mwaka na tachidauni 31. Katika timu zote tatu mpango wa kocha ulikuwa mkongwe! Bila ajali, vijana wale wangeendelea kukaa. Kocha anayeogopa kufukuzwa Desemba humpenda mtu ambaye makosa yake anayajua, na hapo ndipo hoja yako wewe inapopata nguvu.

Ila tazama pia walikoingia. Dallas ya 2016 ilikuwa na Tyron Smith, Travis Frederick na Zack Martin mbele, ukuta wa zege. Pittsburgh ya 2004 walikimbia na mpira mara nyingi kuliko timu yoyote, nyuma ya Alan Faneca, na Roethlisberger akarusha pasi 295 tu msimu wote. Hawakumbebesha mtoto gunia la mtu mzima.

Kuna pesa pia, nitaipitia haraka. Tangu mkataba wa ligi wa 2011, kinda analipwa kwa kiwango kilichopangwa kwa miaka minne. Mkataba wa kwanza wa Stroud ulikuwa kama dola milioni 36 kwa miaka yote minne. Prescott mwaka 2024 alisaini wastani wa milioni 60 kwa mwaka mmoja. Miaka minne ile ya bei nafuu ndiyo nafasi ya kununua wachezaji wengine, kama Seattle walivyofanya na Russell Wilson, aliyekuwa analipwa chini ya milioni moja walipobeba Super Bowl msimu wa 2013. Kwa hiyo mwenye timu anayemlazimisha kocha amwanzishe kijana ana hesabu zake. Hesabu hiyo ina maana tu kama pesa iliyobaki inanunua ukuta.

Carolina walijifunza hilo kwa machozi. Mwaka 2023 walimchukua Bryce Young wa kwanza kwenye drafti, ndiye aliyemtangulia Stroud. Akaangushwa mara 62, kocha mkuu akafukuzwa baada ya mechi 11, yaani mtoto akapoteza mwalimu katikati ya muhula. Mwaka 2024, kocha mpya alimpa mechi mbili tu kisha akamweka benchi, Andy Dalton akaingia, mtu wa miaka 36. Watu wakasema kijana ameisha. Dalton akaumia kidole gumba kwenye ajali ya gari, Young akarudi, na kufika Desemba alikuwa anasimama wima na kurusha kama yule tuliyemjua chuoni. Wengi walisema benchi ndilo lililomponya, na sitakataa kwamba kupumua wiki chache kulimsaidia. Lakini katikati ya misimu hiyo miwili Carolina walikuwa wamesaini mikataba ya zaidi ya dola milioni 150 na walinzi wawili wa ukuta, Robert Hunt na Damien Lewis.

Jambo la mwisho linahusu mkongwe mwenyewe, kwa sababu naye ni mtu. Miami mwaka 2020 walimtoa Ryan Fitzpatrick wakiwa wameshinda mechi mbili mfululizo, ili Tua Tagovailoa aanze. Fitzpatrick alisema wazi mbele ya waandishi kwamba imemuuma. Angeweza kununa mpaka mwisho wa msimu. Desemba 26, kule Las Vegas, Tua amekwama, mechi inaponyoka, wakamwita mzee. Zikiwa zimebaki sekunde chache, akarusha pasi ya yadi 34 huku adui amemshika helmeti na kumgeuza shingo, haoni anakorusha. Pasi ikafika, wakashinda 26 kwa 25. Ukiwa na mkongwe wa moyo ule, mwanzishe kijana bila wasiwasi, maana anguko lake lina mtu wa kulidaka.

Uamuzi wangu kwenu ni huu. Kama ukuta upo, na kocha wa kijana hana hatari ya kufukuzwa kabla ya mwaka kwisha, wewe ndiye uliye sahihi: aanze, na akishaanza asitolewe kwa ajili ya pasi zilizonaswa. Kama ukuta ni wa makuti, shemeji yako yuko sahihi, hata kama mkongwe aliyepo hana kipaji nusu ya kijana. Mkongwe mwili wake umeshazoea, na akianguka mara 50 hatusomi kwake kitu kipya. Kama timu ni ya ubingwa tayari na mkongwe wake mzima, shemeji yako yuko sahihi tena. Na usidhani kijana akishafaulu mwaka wa kwanza basi amepona. Stroud wenu mwaka 2024 aliangushwa mara 52, akashuka kiwango, na Slowik yuleyule aliyemwokoa akapoteza kazi.

Agosti, mechi za maandalizi zitakapoanza, fanyeni jambo moja mkiwa mmekaa pamoja. Msiufuate mpira. Mtazameni kinda kuanzia magotini kwenda chini, kila anapojiandaa kurusha, kwa robo nzima ya kwanza. Akiwa ameshapigwa mara mbili tatu, angalieni kama mguu wake wa mbele bado unakanyaga kuelekea kwa mpokeaji, au umeanza kukimbilia pembeni kabla mtu hajamfikia. Mkiona umeanza kukimbia, nyote wawili mtajua nani anapaswa kuanza Septemba.